Mikunjo ya kamera ya baba mkubwa na masizi ya kibatari

Picha ya nne ndo iliyoniuma kuliko zote. Mtoto wa dada yangu kasimama nje ya kanisa na taji la maua ya plastiki shingoni, suti imemzidi mabega kidogo, bibi yake kamshika mkono, na juu ya vichwa vyao, pale palipotakiwa kuwa mbingu, kuna kitu cheupe kimeshuka kama moshi mpaka kwenye paji la uso la bibi na kumfuta jicho moja lote. Kipaimara hakirudiwi. Siku ile nilipiga mkanda mmoja tu wa picha 12, na nilipoutoa kwenye maji nikauning'iniza bafuni nikahesabu, picha saba zina huo moshi.

Kamera yenyewe ni Agfa Isolette II ya marehemu baba mkubwa. Miaka ya sabini alikuwa anazunguka nayo kwa baiskeli huku Kilimanjaro, Machame, Kibosho, Uru, anapiga ubatizo na ndoa na watu waliojenga nyumba ya kwanza ya bati wakataka wapigwe mlangoni. Tulipogawana vitu vyake wengi walitaka redio, mimi nikaomba kamera, na mama yangu mdogo akaniambia chukua mwanangu maana wewe ndo utaitumia. Iliundwa Munich, Ujerumani, miaka ya 1950. Ukiifunga inakuwa bapa, inaingia mfuko wa koti, ukibonyeza kitufe mlango wa mbele unashuka na lenzi inatoka nje imeshikwa na ule mfuko mweusi wenye mikunjo. Mimi nauita mvukuto kwa sababu unanikumbusha mivukuto ya wahunzi wa kule Mamba, ila wa mhunzi unapuliza upepo motoni na huu kazi yake ni moja, kuzuia mwanga wowote usifike kwenye filamu isipokuwa ule uliopita kwenye lenzi. Filamu yake ni ile ya namba 120, ambayo ilianza kutengenezwa 1901 na mpaka leo inatengenezwa, inatoa picha 12 za mraba, sentimita 6 kwa 6.

(Mkanda nasafisha mwenyewe nyumbani, na nasafisha kwa kahawa, kweli kabisa, kahawa ya unga wa kuyeyuka, soda ya kufulia na vitamini C, halafu fiksa ya kawaida, ile dawa ya kuifanya picha isibadilike tena ikikutana na mwanga. Na aisee kahawa ya robusta ya Bukoba inafanya kazi vizuri kuliko arabika yetu ya huku mlimani, nasema hivyo huku nimelelewa kwenye shamba la kahawa. Hiyo nitaiandikia siku yake.)

Sasa kitu cha kwanza nilichojifunza ni kwamba usikimbilie kuziba. Kaa na negativu zako kwanza, yaani ile filamu yenyewe iliyosafishwa, zina maneno mengi. Mwanga ukivuja kwenye mlango wa nyuma, au kwenye kile kidirisha chekundu cha kuangalia namba, ule uchafu unavuka mpaka kwenye ile nafasi ya wazi kati ya picha na picha, unagusa hadi ukingo wa filamu. Ukivuja kwenye mikunjo, unaishia ndani ya mraba wa picha, kwa sababu filamu imefunikwa pembeni na fremu ya chuma na mwanga hauna pa kupita isipokuwa katikati pale. Zangu zote saba zilikuwa safi pembeni. Basi ni mvukuto, hakuna ubishi.

Cha pili, zile tano zilizotoka salama zote nilipiga ndani ya kanisa. Saba mbovu ni za nje, saa saba mchana, jua la Moshi la Desemba wote mnalijua. Na nilikuwa nimeiacha kamera wazi muda wote, napanga watu, mjomba kapotea anatafutwa, shangazi anarekebisha kilemba, kamera imefunguliwa shingoni inasubiri. Piga hesabu hapo. Shata yangu, yaani ule muda ambao lenzi inafunguka kuingiza mwanga, nilikuwa nimeweka sekunde 1 kwa 100. Kamera ikikaa wazi juani nusu dakika tu, tundu limepata muda mara 3,000 ya ule muda wa lenzi. Tundu dogo kama ncha ya sindano, lakini limepewa mara elfu tatu. Hapo ndo nikaelewa kwa nini baba mkubwa alikuwa anaifungua dakika ya mwisho kabisa, watu wameshapangika, anafungua, anapiga, anafunga. Tukiwa watoto tulidhani ni mbwembwe zake.

Na cha tatu ambacho nilikipenda sana nilipokigundua: upande wa uchafu unakuonyesha upande wa tundu. Filamu inaipokea picha kichwa chini, si ndiyo, na mwanga unaoingia kwenye kona ya juu kulia ya mvukuto unavuka ndani ukienda chini kushoto, kwa hiyo mara nyingi ukiigeuza picha ikae sawa uchafu unaukuta juu kulia, upande uleule wa tundu. Moshi wa kwangu ulikuwa juu, zaidi kulia. Nikajua nianzie wapi.

Usiku umeme ulipokatika nikaona hapohapo ndo nafasi yangu. Nikafunga pazia, nikakaa gizani kama robo saa hivi mpaka macho yakazoea, hiyo robo saa ni muhimu jamani, ukiangalia mapema utasema mfuko mzima uko salama. Mlango wa nyuma wazi, hakuna filamu, mvukuto umenyooshwa, nikaingiza tochi ndogo ya LED ile ya kwenye funguo, ya simu ni kubwa inamwaga mwanga kila mahali. Nikaisogeza polepole ikigusa kila kona kwa ndani huku naangalia kwa nje.

Zikatokea. Nyota ndogondogo kwenye kona, hasa pale kunjo mbili zinapokutana zikatengeneza ncha, maana hapo ndo kitambaa kinapigwa kila ukifungua na kila ukifunga kwa miaka sitini na zaidi. Nyingine hazionekani mpaka uusukume mvukuto kidogo nusu ya kufunga, zinafumbua kama jicho halafu zinafumba. Nilihesabu 11. Nikachora mikunjo kwenye karatasi, kunjo la kwanza kutoka kwenye lenzi, la pili, la tatu, kona nne kila moja, na kila tundu nikaliwekea alama kwenye mchoro. Nilijaribu pia alama ya chaki kwenye kamera yenyewe ila chaki inamwaga vumbi na vumbi ndani ya kamera ni adui mwingine.

Halafu nikafanya kosa. Nilikuwa na tepu ya umeme nyeusi ndani, nikakata vipande, nikabandika kona zote 11, nikawasha tochi, giza totoro, nikafurahi nikalala.

Februari ndo hiyo, chumba changu kinaangalia magharibi, jioni kinawaka. Baada ya wiki mbili nataka kufungua kamera, lenzi inatoka nusu inagoma. Gundi ya tepu imeyeyuka, imetembea, kunjo limeshikana na kunjo. Nilipovuta kidogo nikasikia sauti ndogo ya kuchanika, ile sauti mpaka leo naisikia. Na hata ilipofunguka lenzi haikukaa wima, unene wa tepu ulikuwa unaisukuma upande mmoja, na lenzi ikikaa upande hata milimita moja, upande mmoja wa picha unakuwa mkali na mwingine unafifia. Sasa nina matundu 11 na mchaniko mmoja wa karibu milimita 8 kwenye kunjo la pili.

Nikaenda kwa fundi viatu mmoja karibu na soko la Mbuyuni, mzee ambaye anashona viatu na kufunga miavuli, nimempelekea viatu tangu niko sekondari.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba mwanangu. Leta hicho kiatu."

"Leo siyo kiatu mzee, ni kamera."

Akaipokea kwa mikono miwili. Lenzi hakuigusa kabisa. Akachukua kunjo moja katikati ya dole gumba na kidole, akalikunja, akaliachia, akalikunja tena, akalinusa.

"Hii siyo ngozi," akasema. "Ni kitambaa kimepakwa. Kilichopakwa ndo kinapasuka, kitambaa bado kizima." Na ndivyo ilivyo kwa hizi Agfa za baada ya vita, wenye Zeiss Ikon za zamani, kamera nyingine za Kijerumani, wana mvukuto wa ngozi na nyingi bado ziko vizuri mpaka leo, za Agfa zinajulikana kwa kona mbovu. Yeye hakuwahi kuiona Agfa wala Zeiss, alinusa tu.

Akaiangalia tepu. "Hii inashika leo, kesho inatembea. Na hata isingetembea, umeweka kitu kigumu kwenye kitu kinachokunjika. Hakitakatika kiraka. Itakatika pembeni ya kiraka, utarudi hapa na tundu jipya." Akanionyesha kiatu cha mtoto wa shule alichokuwa anakifungua, kiraka kinene cha mtu mwingine bado kizima kabisa, ngozi ya pembeni yake ndo imekatika mstari mmoja ulionyooka kama umekatwa na wembe.

Akanisaidia kutoa tepu kwa pamba na spiriti kidogo, kwanza akajaribu kwenye kunjo la chini lisiloonekana kuona kama spiriti haitabandua rangi. Kisha akavuta mwamvuli uliokufa kutoka chini ya benchi akakata kipande cha kitambaa cheusi ukubwa wa kiganja. Pesa hakutaka. Akaniambia nimletee picha yake.

Basi nikarudi nyumbani nikaanza upya, safari hii polepole.

Kwa yale matundu ya sindano hauhitaji kiraka, unahitaji rangi inayokunjika. Nilichotumia ni gundi nyeupe ya mbao, ile ya mafundi seremala, ambayo ikikauka inabaki laini kama mpira mwembamba, na masizi. Masizi yenyewe nilitengeneza: kibatari cha mafuta ya taa, utambi umevutwa juu ili kitoe moshi, kifuniko cha kopo kimeshikwa juu yake kwa koleo. Dakika tano kifuniko kina tabaka nyeusi ya kung'aa kidogo kama mahameli, laini hata ukipumua karibu inapaa. Masizi haya ni moja ya rangi nyeusi za zamani sana, watu walitengenezea wino kabla ya viwanda kuwepo, na weusi wake unakula mwanga kwelikweli.

Ila sasa ukimwaga masizi kwenye gundi yanakataa. Yanaelea juu, unakoroga, yanakusanyika vidonge vidonge na gundi inabaki nyeupe na mistari ya kijivu. Nilikoroga karibu dakika kumi nikidhani sijaweka ya kutosha. Masizi hayapendi maji, na gundi hii ni ya maji. Dawa yake ni kuyalowanisha kwanza na matone mawili ya spiriti mpaka yawe tope, yaani ukigusa tope hilo halipai tena, ndo unaweka gundi, na ghafla yanaingia yote kwa pamoja unapata kitu cheusi kizito kama lami changa. Ongeza tone la maji mpaka kiteleze kwenye kijiti bila kudondoka.

Unapaka kwa kijiti cha meno au ncha ya unyoya wa kuku, kwa nje, kamera imefunguliwa yote. Kidogo mno. Ukiona kimetengeneza kinundu umezidisha, futa haraka kabla hakijashika. Nilipaka tabaka la kwanza nikaacha siku nzima, kamera bado wazi, siku ya pili tabaka la pili, ya tatu nikarudi na tochi. Mtu ataona ni muda mrefu kwa matundu 11 lakini tabaka mbili nyembamba zinakunjika na tabaka moja nene linapasuka, na ukifunga kamera kabla ndani hakujakauka unarudi kulekule kwenye kushikana.

Ule mchaniko ndo ulitaka kiraka. Kitambaa cha mwamvuli ukikishika juani kinaonyesha, kwa hiyo kwanza nilikipaka mchanganyiko uleule pande zote nikakiacha kikauke kwenye kioo. Nikakata kipande cha sentimita moja na nusu kwa moja, kona zote nimezizungusha kwa mkasi maana kona kali ndo huanza kubanduka. Gundi hapa nilitumia solusheni ya baiskeli, ile ya kuzibia pancha, kwa sababu yenyewe ni mpira inakubali kukunjwa. Unapaka nyembamba kwenye kiraka na nyembamba kwenye kunjo, unasubiri mpaka isiwe inang'aa, ndo unabandika, mara moja, haurudii kusogeza. Nililikunja kunjo kidogo kabla ya kubandika ili kiraka kizaliwe na mkunjo wake. Mwisho poda ya mtoto kidogo kwa kidole juu ya kila sehemu niliyogusa ili isishikane, halafu nikafuta na brashi laini mpaka isibaki hata chembe.

Vitu ambavyo nimeona watu wanashauri na mimi sikubaliani navyo: super glue, inakauka kama kioo na kupasuka kwenye kunjo. Rangi ya kucha, hivyohivyo. Mafuta ya kupikia au vaselini eti kulainisha, mafuta yanalegeza gundi ya zamani inayoshika mvukuto kwenye mwili wa kamera na yanakaribisha ukungu, na masika ya huku ukungu hauhitaji mwaliko. Na kama kona zote zimeisha, yaani ukiwasha tochi unaona mji mzima wa Moshi usiku, usihangaike na kijiti, mvukuto mpya unaweza kutengenezwa kwa karatasi nyeusi na kitambaa au ukaagizwa kutoka nje, ni kazi nyingine kabisa.

Kabla ya kutumia mkanda wa pesa nikafanya jaribio moja zaidi. Saa sita mchana, uani, mlango wa nyuma wa kamera wazi, nikaweka jicho pale filamu inapokaa na kichwa kizima nikajifunika blanketi, lenzi imefungwa, nikaigeuzageuza kamera kwenye jua. Tochi ni mtoto mbele ya jua. Nikaona matundu mengine manne ambayo tochi haikuwahi kuyaonyesha, mawili kwenye ukingo pale mvukuto unapoungana na chuma, membamba kama nywele. Majirani waliniangalia sana siku hiyo. Kijiti tena, siku tatu tena. Kidirisha chekundu nacho nikakifunika na kipande cha tepu ninachofungua tu wakati wa kuangalia namba, maana filamu za zamani zilikuwa hazioni rangi nyekundu ndo maana waliweka dirisha jekundu, filamu za sasa zinaiona.

Na jambo dogo ambalo linahusu mvukuto hata ukiwa mzima: ifungue taratibu. Ukiiachia lenzi iruke na nguvu ya springi, mvukuto unavuta hewa kama wa mhunzi kabisa na unaweza kuivuta filamu mbele itoke kwenye mstari wake, picha inakosa ukali na hujui kwa nini. Fungua kwa kuishika mlango kwa kidole, kisha ndo usogeze filamu kwenda picha inayofuata.

Pasaka nilipanda Machame. Bibi nilimweka mbele ya migomba karibu na mbuzi wake, saa nane mchana juani, makusudi, na kamera nikaiacha wazi dakika mbili nzima kabla ya kubonyeza. Picha 12, zote pembeni safi, katikati safi. Bibi macho yote mawili yapo. Ile ya kipaimara hairudi, najua, nimeiprinti hivyohivyo na moshi wake nikampa dada, yeye anasema ataiweka.

Picha ya kumi ilikuwa ya fundi, nilimpiga Mbuyuni siku niliporudi mjini, kakaa kwenye benchi lake na sindano mdomoni. Nilimpelekea wiki iliyopita. Akafuta mikono kwenye aproni, akaishika pembeni, akaigeuza kwenye mwanga, akakagua kona ya juu kulia kwa muda mrefu, kidole chake kinafuata ukingo bila kugusa karatasi, ndo baadaye akashusha macho akajiangalia uso.